Ajali Ina Kinga: Chaja ya Laptop na Wajibu wa Malezi

Kila chuo kinapofunguliwa, Mazimbu, mjini Morogoro, hupokea vijana wapya. Wapo wanaoshuka kutoka Mgeta, Matombo na Kinole katika milima ya Uluguru, na wapo wanaosafiri kutwa nzima kwa basi hadi Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wengi siku hizi wana laptop katika mizigo yao, na aghalabu imepatikana kwa kujibana: baba ameuza mahindi, mama amepokea zamu yake ya upatu, na kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba naye ametoa chake. Kabla ya safari kijana huketishwa na kuusiwa. Asome kwa bidii, achague marafiki, achunge fedha, ajiepushe na pombe. Kuhusu chaja ya laptop hiyo, itakayokaa naye chumbani usiku na mchana kwa miaka yote ya masomo, haambiwi neno.

Kimya hicho ni upungufu wa malezi. Mzazi wa zamani aliyemkataza mwanawe kuweka kibatari karibu na chandarua alikuwa akitimiza wajibu wake. Kibatari kimeondoka katika nyumba nyingi, ila wajibu ule umebaki palepale.

Mtu hawezi kufundisha asichokijua, kwa hiyo tuanze na kifaa chenyewe. Umeme wa ukutani hapa nchini ni volti 230, ilhali laptop nyingi huhitaji volti 19 au 20 tu. Kazi ya kuushusha hufanywa na kile kiboksi cheusi kilicho katikati ya waya, na umeme kidogo hupotea humo. Hata katika chaja nzuri ya wati 65, karibu sehemu moja kati ya kumi hugeuka joto ndani ya kiboksi. Kiboksi hakina feni. Joto hutoka kwa kupitia ganda lake na kuchukuliwa na hewa. Ndiyo maana chaja yenye uvuguvugu haina tatizo. Isiyoshikika kwa moto, inayonuka plastiki, inayotoa mlio wa cheche au iliyovimba ganda, hiyo ichomolewe papo hapo na isirudishwe tena ukutani.

Sasa tazama mahali chaja hiyo inapokaa. Chumba cha mwanafunzi kina vitanda viwili au zaidi, na soketi chache. Kitanda ndipo pa kulala, kusomea na kutazama filamu. Kiboksi kimelazwa juu ya godoro la sponji, mara chini ya mto, mara ndani ya mikunjo ya shuka, na Morogoro ya Januari hewa yenyewe ni ya moto. Joto likikosa pa kutokea hurundikana. Chaja nzuri ina kinga ya ndani inayokata umeme joto likizidi; ya bandia huenda haina. Sponji ikishika moto huungua upesi, na moshi wake una sumu inayoweza kumpotezea fahamu aliyelala kabla hajajua kuna moto.

Hatari nyingine iko pale waya unapoingia kwenye kiboksi. Ukizungushwa kwa kukazwa kila siku, nyuzi za shaba za ndani hukatika moja baada ya nyingine, na zilizosalia hubeba mzigo wa zote hadi zikapata moto. Dalili yake kila kijana anaijua: laptop haipati chaji mpaka waya ukunjwe upande fulani. Huuzungushia selotepu, akauegemeza kwenye kitabu usicheze, akaendelea na kazi. Huko kucheza kwa waya ndiko kunakotoa cheche, na selotepu huficha tatizo bila kulitibu.

Watu husema ajali haina kinga. Wanaotengeneza vifaa hivi hawaamini hivyo. Oktoba 2004 kampuni ya Dell iliwataka wateja wake warudishe chaja milioni 4.4 kutokana na taarifa saba tu za chaja zilizopata joto kupita kiasi. Agosti 2014 HP iliomba zirudishwe nyaya za ukutani zipatazo milioni 6 zilizouzwa Marekani na Kanada, zenye alama LS-15, baada ya taarifa 29 za nyaya kupata moto, kuyeyuka au kuungua. Desemba ya mwaka huohuo Lenovo nayo iliomba zirudishwe nyaya zenye alama hiyohiyo. Kampuni zenye wahandisi na mawakili haziingii gharama kubwa hivyo kwa jambo ambalo ni majaliwa tu.

Kwetu suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu laptop nyingi zinazouzwa madukani zimekwisha kutumika ng'ambo. Waya wa zamani huja na mashine; tangazo la kuurudisha haliji nalo. Mzazi anayenunua mashine iliyotumika na ausome waya kabla ya kutoa fedha. Akiona LS-15 kwenye ncha inayoingia kwenye kiboksi, anunue mwingine. Chaja ikifa, ya kuibadilisha iwe na volti zilezile zilizoandikwa chini ya laptop, na ampea zilezile au zaidi. Yenye ampea pungufu itafanya kazi, lakini itakuwa imezidiwa muda wote. Chaja inayouzwa kwa bei ya kushangaza imepunguzwa kitu ndani yake, na mara nyingi kilichopunguzwa ni kile kisichoonekana: fyuzi, unene wa shaba, utengano kati ya umeme mkubwa na mdogo. Rahisi inavunja upishi.

Lakini kabla hatujawalaumu vijana, tujitazame. Plagi ya pini mbili za duara haikutengenezwa kwa soketi zetu za matundu matatu ya mstatili. Sisi watu wazima tunachukua kijiti au mfuniko wa kalamu, tunasukuma tundu la juu, tunaipachika kwa nguvu, watoto wakiwa wanatazama. Plagi hukaa kwa kulegea, hupata moto na kutoa cheche, na fyuzi ambayo ingekuwamo kwenye plagi ya pini tatu haipo. Kisha kwenye soketi moja ya kuongezea tunachomeka televisheni, friji, pasi na chaja tatu. Kijana anayefanya hayo akiwa chuoni hakuyatoa chuoni. Ameyatoa sebuleni kwa baba yake.

Malezi haya yana ngazi zake. Kwa mtoto anayetambaa, wajibu wote ni wa mkubwa. Waya wa ukutani ukichomolewa kwenye kiboksi huku plagi imebaki kwenye soketi, ncha ile iliyolala sakafuni ina volti 230 kamili, na mtoto wa umri huo kila akiokotacho hukipeleka mdomoni. Utaratibu ni mmoja: ukimaliza, zima soketi, chomoa plagi, kisha kunja waya kwa kulegeza. Mtoto wa shule ya msingi afundishwe kushika plagi badala ya kuvuta waya, kutogusa soketi kwa mikono yenye maji, na kusema anaponusa harufu ya kuungua bila hofu ya kugombezwa. Anayekaribia kuondoka nyumbani aelezwe sababu za kila katazo, maana huko aendako hakuna wa kumsimamia.

Tena si usalama wake peke yake unaohusika. Morogoro inaukumbuka moto wa Msamvu wa tarehe 10 Agosti 2019, uliozuka baada ya lori la mafuta kupinduka na kuua watu zaidi ya 100. Ule ulitokea asubuhi, barabarani. Wa bwenini huwakuta watu usingizini. Agosti 2009 wasichana 12 wa shule ya sekondari Idodi, mkoani Iringa, walifia bwenini kwa moto, na taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea. Aliye na bidii ya kusoma usiku anaweza kuwaangamiza wenzake bila nia yoyote mbaya. Kwa hiyo kumfundisha kijana adabu ya umeme ni kumfundisha haki ya jirani.

Mazimbu ni mahali pazuri pa kukumbukia hilo. Kabla ya kuwa kampasi ya chuo kikuu, palikuwa na Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, kilichojengwa na chama cha ANC cha Afrika Kusini katika ardhi iliyotolewa na serikali ya Tanzania, kikazinduliwa rasmi na kiongozi wa chama hicho, Oliver Tambo, mwaka 1985 na kukabidhiwa Tanzania Julai 1992. Hapakuwa na sekondari tu. Palikuwa na shule ya awali, shule ya msingi na kituo cha watoto kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, kwa kuwa watoto wengi wa wapigania uhuru walikuwa mbali na wazazi wao. Waliokuwapo ndio waliowalea. Anayempangisha mwanafunzi chumba leo, iwe Mazimbu au Kihonda, yumo katika nafasi hiyohiyo. Soketi moja katika chumba cha watu wanne ni uamuzi wa mwenye nyumba, na matokeo yake yanamhusu.

Basi, wewe mzazi, mlezi au mjomba: kabla ya kumuaga kijana wako, keti naye na chaja yake. Upapase waya wote kwa vidole. Mwambie kiboksi kikae mezani au sakafuni, mahali pakavu penye hewa, kisipande kitandani kamwe, na kichomolewe kabla ya kulala. Mwonyeshe meni swichi ilipo na namna ya kuizima. Ahifadhi namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ajue kwamba moto wa umeme haumwagiwi maji, na kwamba watu hutoka kwanza, vitu baadaye. Wosia huo hauna gharama, na kijana asiyepewa hajaandaliwa kuondoka nyumbani.