Ladha ni Yangu, Alama ni Amana

Likizo iliyopita nilikuwa Kasese mjini nikijifunza kuonja kahawa. Siku moja tuliletewa mizigo sita mipya ya arabika kutoka miteremko ya Rwenzori, yote ikitarajiwa kuuzwa kwa bei ya juu. Vikombe havikuwa na majina, vilikuwa na namba tu. Unaweka gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa katika mililita 150 za maji ya moto, unasubiri dakika 4, unavunja povu kwa kijiko huku ukinusa, kisha unaivuta kwa mlio, unaitema na kuandika alama. Alama kamili ni 100. Kuanzia 80 huhesabiwa kahawa maalumu. Chini ya hapo bei hushuka.

Kikombe namba 4 kilianza na utamu wa matunda, kikaishia na ladha ya udongo. Nikakitambua. Nilijua gunia la shangazi yangu wa Bwera limo, na mimi mwenyewe nilimsaidia kuanika. Mvua ilipotukuta turubai halikutosha, nyingine tukaiacha chini. Ada yangu hutoka kwenye shamba hilo.

Nafsi ikaninong'oneza: kila mtu na ladha yake, nani atakukosoa ukiandika 82?

Hoja hiyo tusiidharau. Kweli, hakuna mizani ya kupima kilichomo kinywani mwangu. Lakini inachanganya mambo mawili. Kupenda ni kwangu mimi. Alama ni ushahidi: mnunuzi ambaye hajaonja atatoa pesa kwa kuliamini neno langu, na wakulima waliokausha vizuri juu ya vichanja watapunjwa nikidanganya. Tena, pale ambapo hakuna awezaye kunikagua ndipo amana inapokuwa nzito zaidi.

Tunakijua kisa alichokipokea Imam Muslim. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kukificha kilicholowa chini ya kikavu. Mvua ya Bwera nayo haikuwa kosa letu. Kuifunika kwa 82 ndiko kungekuwa kosa.

Nikaandika 76. Kisha nikamwambia msimamizi kwamba gunia lile ni la shangazi yangu, jambo nililopaswa kulisema kabla ya kushika kijiko.

Jioni nilipanda gari kwenda Bwera kumweleza. Hakufurahi. "Ulijua tangu tulipoanika," alisema. "Mbona hukuniambia mimi kwanza, mwanangu?"

Sikuwa na jibu, maana alisema kweli. Ukweli wangu ulianzia mezani kwa wageni, wakati ulitakiwa uanzie uani kwake. Ndugu msomaji, kesho utaombwa umpime mwenzako: kazi yake, tabia yake, ushahidi wake. Sema kweli. Lakini kama ulimwona akianika chini, usingoje siku ya alama.