Kazi Ipi ni ya Aibu?

Hapa kwetu Kasumulu mzazi akiulizwa mwanawe yuko wapi, hujibu kwa fahari, "Yuko Mbeya." Akiulizwa tena afanya kazi gani huko, pengine hunyamaza. Yafaa tuufikiri unyamavu huo.

Mbeya ni mji wa kiasi. Katika hesabu ya mwaka 2022 ulikuwa na watu 541,603, na Dar es Salaam yapata mara kumi ya hao. Tena ni mji uliojengwa na wageni wa kazi. Ulianzishwa mnamo mwaka 1927, na katika miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa ikavuta watu wengi, hata wazee wetu wa Unyakyusa wakaenda kuuza nguvu za mikono yao. Mwaka 1975 reli ya kwenda Zambia ikakamilika, nayo ikapita hapo. Hata leo wengi mjini hawana mshahara wa mwezi. Wako wauza ndizi wa soko la Mwanjelwa, wafagiaji, waendesha pikipiki, na wachukuzi wanaoshusha mchele wetu wa Kyela.

Twamjua kijana mmoja aliyesukuma mkokoteni huko miaka minne, naye nyumbani alisema ni karani. Alipougua, mama yake alikwenda akamwulizia ofisi hata ofisi, asimpate. Kumbe alikuwa amelala chumbani karibu na soko, na wachukuzi wenzake ndio waliompa uji na kumnunulia dawa.

Hatusemi ya kwamba uongo wake haukuwa dhambi. Lakini ni nani aliyemfundisha kuona haya? Ni sisi. Nasi walimu tuna sehemu yetu, maana mara ngapi tumemkemea mtoto mvivu, "Utakuwa mchukuzi!" kana kwamba kuchukua mzigo ni adhabu? Mtume Paulo alishona mahema, wala hakuwaficha Wakorintho.

Mtu atasema, "Tulimlipia ada ili apate kazi njema." Ni haki mzazi kutumaini. Lakini wema wa kazi haupimwi kwa usafi wa nguo. Karani adaiye rushwa kwa mjane, kazi yake ni ya aibu, ijapokuwa ameketi kitini. Mchukuzi afikishaye gunia bila kupunguza hata kibaba, huyo amemtumikia jirani yake. Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima."

Basi, basi litokalo Mbeya lifikapo na vijana wetu wakashuka, tusiwaulize kwanza wametuletea nini. Tuwaulize kama ni wazima, na kazi yao ni ipi. Na wakitujibu kweli, tusigeuze nyuso zetu.