Wazo la Leo: Mguu Usifichwe

Matende huenezwa na mbu, si uchawi wala laana. Mpango wa taifa wa kuyatokomeza ulianzia Mafia mwaka 2000, lakini huku kwetu Mtwara wapo wagonjwa ambao bado wanajificha ndani. Kingatiba ya kila mwaka huzuia maambukizi; mguu uliokwisha kuvimba unataka kuoshwa kila siku kwa sabuni na maji safi, ukaushwe taratibu hadi katikati ya vidole, maana fangasi huanzia hapo. Ukiwa peke yako kazi hiyo inachosha, hasa msimu wa korosho. Kwa hiyo wenye matende wa hapa kwetu Mpapura wakutane, wakubaliane: hakuna kuchekana, siri ya mwenzako haitoki nje, na asiyeonekana afuatwe kwake siku hiyohiyo.