Pima Dirisha Kabla ya Kupanda Shokishoki

Wanangu mnaokulia huku Uingereza, swali mnaloniuliza kila mkirudi kutoka likizo ni lile lile: doriani na shokishoki. Mmekula Unguja mpaka mkashiba, mkafunga kokwa kwenye leso, na sasa mnataka mti sebuleni. Nisiwazungushe. Mdoriani uacheni Unguja. Mti huo hupita mita 20, mizizi yake haitaki udongo wa baridi, na kokwa yake ikishakauka ndiyo imekufa. Mshokishoki nao hauna tofauti kubwa. Kokwa mbichi utaipanda, itaota, mwaka wa kwanza majani yatakufurahisha. Ikifika Januari ncha zitaanza kuwa kahawia, nawe kwa huruma utaongeza maji. Huruma hiyo ndiyo itakayouua.

Na msiniambie Waingereza waliweza. Kweli waliweza: mwaka 1855 mangostini ilizaa ndani ya nyumba ya vioo ya Duke wa Northumberland pale Syon House, magharibi mwa London. Lakini yule bwana alikuwa na watunza bustani wa kumtosha, na joto lilikuwa likitunzwa usiku na mchana. Wewe una chumba cha kupanga na bili ya umeme.

Kwa hiyo tunda liwekeni kando kidogo, tuzungumze dirisha. Watu wote wanaogopa baridi, lakini ndani ya nyumba zenu baridi haipo; mnawasha hita toka Oktoba. Kilichopungua ni mwanga. Unguja mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, ila London mwezi wa Desemba hautimizi hata saa 8, na jua lenyewe linapita chini chini upande wa kusini kama mtu anayekwepa wadeni. Mwenye dirisha la kusini amepata. Mwenye la kaskazini anunue taa ya LED ya kuoteshea mimea. Chungu kikae karibu kabisa na kioo. Ukikisogeza katikati ya chumba kwa ajili ya kupendeza, mwanga umepotea hata kama macho yako hayaoni tofauti. Na kisikae juu ya hita. Hewa kavu ile inaleta utitiri mwekundu, wadudu wadogo wasioonekana vizuri mpaka uone utando mwembamba chini ya jani. Majani yafuteni kwa kitambaa chenye maji, pande zote mbili, kila wiki.

Sasa maji. Mti usiopata mwanga haukui, na usiokua haunywi. Majira ya baridi msimwagilie kwa ratiba ya simu. Kinyanyueni chungu: kikiwa kizito, kiacheni. Kikiwa chepesi, mwagieni maji ya uvuguvugu mpaka yatoke chini, kisha yaliyobaki kwenye sahani yamwageni. Mbolea msiitie mpaka Machi. Wengi wenu mti wenu umeoza mizizi, mkaja kuniambia umepigwa baridi.

Ukiniuliza upande mti gani, nitakujibu mpera. Haudeki. Unazaa ukiwa ndani ya chungu, unajichavusha wenyewe, na maua yake hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo ukiupunguza matawi mwanzoni mwa majira ya kuchipua hujaupunguzia kitu, umeualika uzae. Pesheni nyeusi nayo nzuri kwa mwenye roshani. Hiyo hulimwa nyanda za juu za Kenya, ubaridi kidogo hauistui. Mgomba mfupi pia, kwa wenye nafasi. Ndizi mnazonunua madukani huku ni za ukoo wa Cavendish, na jina hilo lilitokana na ukoo wenye jumba la Chatsworth, kule Derbyshire, ambako mtunza bustani Joseph Paxton aliukuza mgomba huo kwenye nyumba ya vioo miaka ya 1830. Ladha yake ni nyingine na ya kisukari cha kwetu, ila ni mgomba.

Anayetamani stafeli nina neno lake. Mstafeli ndio dhaifu kuliko ndugu zake wote mbele ya baridi. Tafuta cherimoya, ndugu wa stafeli na topetope, ambayo kwa muda mrefu imesemwa asili yake ni milima ya Andes na leo hulimwa kwa wingi pwani ya Granada, Hispania. Nyama yake nyeupe, laini, mbegu nyeusi, na kwa kinywa changu inaishinda stafeli, ijapokuwa wazee wenzangu wakisikia hivyo watanikatalia. Mti huo utakutisha mara moja kila mwaka: mwisho wa baridi majani yanageuka manjano na kupukutika. Usiung'oe. Chipukizi limejificha chini ya kikonyo cha jani, na mpaka jani lidondoke halina njia ya kutoka.

Ua lake nalo lina tabia. Linafunguka kidogo tu kwanza, likiwa jike, petali zake nene hazijaachana sawasawa. Siku ya pili, jioni jioni, linafunguka wazi na kumwaga chavua, likiwa dume. Jike lake na dume lake hawakutani, na huku wale mbawakawa wanaolisaidia kwao hawapo. Basi jioni kung'uta chavua kwenye kikopo, kiweke ndani ya friji, asubuhi chukua brashi ndogo ya rangi upenyeze ndani ya ua lililofunguka kidogo, uzungushe taratibu. Usipofanya hivyo utapata maua mwaka baada ya mwaka na hutapata tunda.

Embe? Kokwa ya embe la dukani itaota ukiipasua na kupanda kiini kikiwa kibichi, watoto wataona jambo. Kwa tunda nunua mche uliobebeshwa, tena wa aina fupi. Mwembe wa kokwa utakuweka miaka mingi na dari lako litakwisha kabla.

Juni itoeni nje miti yote. Wiki ya kwanza kivulini, kwa sababu jani lililozaliwa nyuma ya kioo linaungua juani, hata jua hili la huku. Usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10, Septemba hivi, irudisheni ndani, na kabla ya kuvuka mlango kagueni vidung'ata kwenye maungio ya majani.

La mwisho ni la mizigo. Mche hai hauingii nchi hii bila cheti cha afya ya mimea kutoka ulikotoka. Msiuvishe soksi mkaufiche sandukuni baina ya kanga na halua ya mama yenu. Wanaokagua pale uwanjani wanajua soksi ni nini. Miche ya mpera na cherimoya inauzwa huku huku.