Jibu Lililoandikwa Kabla ya Swali

Kibodi ya Amiga, kompyuta ya nyumbani ambayo kampuni ya Commodore iliizindua New York mwaka 1985, ilikuwa na kitufe kilichoandikwa Help. Mtumiaji aliyekwama alikibonyeza, na mara nyingi hakuna kilichotokea, kwa sababu programu nyingi hazikuwa na habari nacho. Maelezo yalikuwa kwenye kitabu kilichokuja ndani ya boksi. Aliyenakiliwa diski na rafiki yake hakunakiliwa kitabu.

Hata kama kitufe kile kingeitika kila mara, kulikuwa na tatizo la zamani zaidi. Katika mjadala wa Plato unaoitwa Meno, ulioandikwa takriban miaka 2,400 iliyopita, Meno anambana Socrates: mtu atatafutaje jambo asilolijua kabisa? Na akikutana nalo, atalitambuaje? Anayejua hana haja ya kutafuta, na asiyejua hajui hata atafute nini. Yeyote aliyewahi kupekua faharasa ya kitabu cha kompyuta bila kujua jina la kinachomsumbua anaielewa hoja hiyo, hata kama hajasoma falsafa siku moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Commodore ilitoa AmigaGuide, muundo wa faili za maelezo zenye viungo. Toleo la 3.0 la mfumo wa Amiga, la mwaka 1992, likaja na programu ya MultiView iliyoweza kuzifungua. Faili yenyewe ni maandishi matupu. Mstari wa kwanza huanza na @DATABASE. Kila ukurasa, au nodi, hufunguliwa kwa @NODE na kufungwa kwa @ENDNODE. Nodi ya kuanzia huitwa MAIN. Kiungo huandikwa kwa alama chache tu, na kwenye skrini hugeuka kitufe cha kubofya katikati ya sentensi. Aliyekuwa na programu ya kawaida ya kuhariri maandishi alikuwa na kiwanda kizima. Ndiyo maana Aminet, ghala la programu za Amiga lililoanza mwaka 1992, lilijaa miongozo iliyoandikwa na watu waliotengeneza programu zao usiku, baada ya kazi.

Faharasa humdai msomaji jina. Kiungo hakimdai, humwekea jina mbele ya macho kabla hajajua kuliuliza. Programu nayo iliweza kuita nodi fulani moja kwa moja, hivi kwamba aliyebonyeza Help akiwa kwenye dirisha la kuchapisha alifunguliwa ukurasa wa kuchapisha. Mtu aliuliza bila kutamka swali.

Socrates alifanya karibu hivyohivyo. Alimwita kijana mtumwa wa Meno, asiyejua jiometri, akamwuliza mraba wenye eneo maradufu utakuwa na upande wa urefu gani. Kijana akakosea mara mbili. Hatimaye Socrates mwenyewe ndiye aliyechora mstari kutoka kona hadi kona, na kijana akaona. Socrates alidai kwamba roho ya kijana imekumbuka ilichokijua kabla ya kuzaliwa. Msomaji mbishi anaweza kujibu kwamba kijana alionyeshwa kiungo.

Tofauti ni kwamba Socrates alikuwepo. Aliona jibu la kwanza likienda kombo, akageuza maswali. Katika mjadala mwingine, Phaedrus, yeye huyohuyo analalamika kwamba maandishi ukiyauliza yanarudia lilelile, na AmigaGuide haikuliponya hilo. Ilichobadilisha ni mzigo wa mwandishi: sasa alipaswa kukwama kwa niaba ya msomaji, mapema, na kujua ni wapi hasa mtu angekwama. Wengi hawakujisumbua. Walikikatakata kitabu cha karatasi vipandevipande, wakaweka orodha ya yaliyomo juu, wakaridhika. Miongozo hiyo ilikuwa na viungo lakini haikuwa na huruma.

Dini za maandiko zililikabili jambo hili la kumwelekeza msomaji kabla ya mashine. Eusebius wa Kaisaria, katika karne ya 4, alitumia Injili nne zilizogawanywa katika sehemu zaidi ya elfu moja zenye namba, akaunda majedwali kumi ya kumwonyesha msomaji habari ileile inapatikana wapi kwa Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Wafasiri wa Qur'ani nao hushikilia kwamba aya hufasiriwa kwanza kwa aya. Chukua mfano wa pombe: Al-Baqara 219 inasema madhambi yake ni makubwa kuliko manufaa yake, An-Nisaa 43 inakataza kuikaribia sala mtu akiwa amelewa, na Al-Maida 90 inaamuru iepukwe. Anayefika kwenye ya pili peke yake na kuishia hapo ataondoka na ruhusa ambayo hakuna aliyempa.

Nodi ina hatari hiyohiyo, tena bila walimu. Aliyeruka kwa kiungo hadi hatua ya kufomati diski, huku onyo likiwa limebaki kwenye nodi ya nyuma, hakusoma vibaya. Alisoma kila kilichokuwa mbele yake.

Ted Nelson, aliyelipa wazo la haipateksti, yaani maandishi yaliyounganishwa kwa viungo, jina lake mwaka 1965, aliona mpangilio wa mstari mmoja kuwa mazoea ya karatasi tu. AmigaGuide inampa jibu la kuchekesha kidogo. Mwandishi asipotaja nodi ipi inafuata ipi, kitufe cha kwenda mbele hufuata mpangilio wa nodi ndani ya faili. Anayekataa kupanga amepanga bila kukusudia. Na viungo vya AmigaGuide vilikwenda upande mmoja, tofauti na alivyotaka Nelson: nodi haikujua nani anaielekezea.

Kuna aina ya kiungo iliyovuka mpaka kabisa. Neno SYSTEM likiwekwa ndani yake, kubofya hakukufungua ukurasa bali kuliendesha amri kwenye kompyuta. J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford, alifundisha katika miaka ya 1950 kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda, kama ahadi au kiapo. Lakini hapo mtendaji ni msemaji. Hapa aliyeandika yuko mbali, na kidole ni cha msomaji aliyedhani anasoma. Kitufe kinaweza kuandikwa "Maelezo zaidi" na kufuta faili. Kwa kuwa mwongozo ni maandishi matupu, mtu angeweza kuufungua kwenye kihariri na kuiona amri iliyofichwa nyuma ya maneno hayo, ila aliyejua kufanya hivyo kwa kawaida hakuwa yule aliyebonyeza Help.