Je, Mzazi Afuatane na Mwanawe Kumsikia Mwimbaji?



Katika vigango vyetu, tangu Lubero hata Oicha, walimu wa dini huulizwa swali ambalo halimo katika kitabu cha katekisimu, nalo lasumbua mioyo ya wazazi wengi. Redio yatangaza kwamba mwimbaji mwenye sifa atakuja kuimba mjini. Kijana azipenda nyimbo zake, azijua zote kwa moyo, naye amwendea baba yake au mama yake na kusema: Twende pamoja. Je, mzazi anayejitayarisha kwa Ubatizo aweza kwenda mahali kama pale? Au yampasa akatae, mtoto abaki nyumbani akinung'unika, ama atoroke na wenzake usiku?

Wako wanaojibu upesi: Nyimbo za dunia ni za shetani, mambo yamekwisha. Jibu hilo lina sifa moja tu, nayo ni ufupi. Kanisa halifundishi hivyo. Ni kweli kwamba zamani wamisionari wengi waliiogopa ngoma, kwa kuwa waliiona ikipigwa pamoja na matambiko wasiyoyafahamu, wakawakataza Wakristu wapya kuikaribia. Lakini tazameni yaliyofuata. Mwaka 1958 Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji aliyekaa Kamina, alisafiri Ulaya na watoto na walimu wake walioimba Misa kwa sauti na ngoma za Kiluba, na watu wa Ulaya wakastaajabu. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia, uliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima inayoustahili. Na mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale kwa ajili ya majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule. Basi ngoma ile iliyokuwa ikiachwa nje ya mlango imefika hata karibu ya altare. Mtu asemaye leo kwamba muziki ni mbaya kwa sababu ni muziki, huyo amechelewa sana njiani.

Wazee wetu Wanande walilijua jambo hili kabla Mapadri wa Asumpsio hawajafika katika nchi ya Beni mwaka 1929. Fikirini filimbi za eluma. Kila mpulizaji ana filimbi ya sauti moja tu. Peke yake hana wimbo, ana mlio. Yampasa amsikilize jirani yake, anyamaze, apulize kwa zamu yake, nao wimbo hutokea katikati yao wote, wala hakuna awezaye kusema ni wake. Furaha ya namna hiyo yatoka kwa Mungu aliyetuumba tuwe na wenzetu. Kwa hiyo swali letu si juu ya wimbo. Ni juu ya wawili wanaosafiri kwenda kuusikia.

Tutoe mfano. Mtu mmoja, mkulima wa kahawa upande wa Butembo, ana binti wa miaka 15. Mwimbaji ampendaye binti ataimba Beni siku ya Jumamosi jioni. Toka Butembo hata Beni ni kilomita zipatazo 54, kushuka toka baridi ya milima hata joto la Beni. Baba hazipendi nyimbo zile. Gitaa zamchosha, na maneno hayasikii vema. Binti amwambia: "Baba, naomba unisindikize." Afanye nini?

Aweza kwenda kama askari. Atasimama nyuma, mikono kifuani, uso umekunjwa, akihesabu makosa ya waimbaji na ya vijana. Binti atarudi salama, ni kweli. Lakini atakuwa amejifunza neno moja, ya kwamba kitu akipendacho kifichwe mbele ya baba. Safari ya pili hataomba ruhusa. Aweza tena kwenda kama mwigizaji, akicheka bila furaha na kusema, "Nyimbo tamu kweli," naye moyoni azichukia. Huo ni uongo, na amri ya nane haina mlango wa nyuma kwa ajili ya wazazi wapole.

Hapo mwenye kufikiri atauliza: Je, basi, yule asiyependa wimbo hawezi kukaa pale bila kuwa mnafiki? Kukaa na kupiga makofi kwa jambo lisilokufurahisha, si unafiki? Naona sivyo. Mama amtazamaye mtoto wake mwenye njaa akila, hashibi kwa chakula kile, walakini furaha yake ni ya kweli, pengine kuipita ya mtoto. Furaha yake haitoki katika chakula, yatoka kwa mtoto. Vivyo hivyo baba yule. Akiulizwa na binti, "Umeupenda wimbo?" aweza kujibu bila hila: "Wimbo sikuufahamu. Nimependa kukuona wewe ukiimba." Neno hilo ni kweli tupu, wala halimwumizi mtu.

Kwa maana yawezekana kufuatana bila kuwa pamoja. Someni habari ya Mtakatifu Luka katika sura ya pili. Yosefu na Maria walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka pamoja na Yesu mwenye umri wa miaka 12. Walipokuwa wakirudi walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara, kwa ndugu na jamaa. Hakuwamo. Wazazi watakatifu kuliko wote walitembea siku nzima na mtoto aliyekuwa mbali nao! Wakamwona baada ya siku tatu Hekaluni, na alipowajibu hawakulifahamu neno lake. Mtanena: Je, mwafananisha jukwaa la mwimbaji na Hekalu la Mungu? Hasha. Mwimbaji ni mtu wa udongo kama sisi, na wengine wao wanahitaji sala zetu kuliko makofi yetu. Lakini tazameni moyo wa Mama. Hakulifahamu neno la mwanawe, walakini hakulitupa, aliliweka moyoni. Na mwana naye akashuka pamoja nao Nazareti, akawatii. Kama Maria aliweza kukaa na jambo asilolifahamu katika mwanawe, sisi ni nani hata tudai kwamba watoto wetu wapende tu yale tunayoyafahamu?

Amri ya nne haimfungi mzazi peke yake. Yako makosa ambayo vijana hawayaungami kwa sababu hawayaoni. Kijana hamtukani baba, hamnyimi chakula. Lakini wakifika mjini amwonea haya. Koti la baba ni la zamani, viatu vina tope la shamba, Kifaransa chake ni kidogo. Basi kijana atangulia hatua kumi, na marafiki wakiuliza, "Mzee yule ni nani?" atazama pembeni. Ndugu, hilo lakata kuliko matusi. Fedha ya tiketi ilitoka katika koti lile. Tena mkumbuke kwamba hata mwimbaji ana mama. Franco Luambo Makiadi, aliyezaliwa Sona-Bata mwaka 1938 na kufariki Ubelgiji mwaka 1989, alifiwa na baba yake angali mtoto. Mama yake alikuza watoto kwa kuuza maandazi sokoni Kinshasa, na kijana alipiga gitaa karibu ya meza ya mama ili wanunuzi wavutwe. Waliojaza viwanja baadaye kumsikia walikuwa wakifanya yale ambayo wanunuzi wa maandazi walitangulia kuyafanya. Hakuna habari ya kwamba mama yake alimharibia sifa kwa kukaa karibu.

Je, basi ruhusa ni ya kila mara? Siyo. Mtakatifu Augustino, ambaye Mapadri wa Asumpsio waishi kwa Kanuni yake, atueleza katika kitabu cha Maungamo habari ya rafiki yake Alipio. Huyo alikuwa kijana mwenye moyo mwema, akisoma sheria Roma, naye alichukia michezo ya watu kuuana uwanjani. Siku moja wenzake walimvuta kwa nguvu. Akajisifu kwamba wangeuvuta mwili wake tu. Akaketi, akafumba macho. Lakini masikio hayana kope. Umati ulipopiga ukelele akafumbua macho, akanywa ukali ule, akatoka pale akiwa mtu mwingine, na baadaye yeye ndiye aliyewavuta wengine. Hakushindwa na mchezo tu, alishindwa na umati. Ijueni nguvu hiyo. Katika umati mtu hucheka asichokicheka nyumbani, husema asemacho jirani. Alipio alikuwa na wenzake wengi pale uwanjani, lakini hakuwa na hata mmoja ambaye angemshika mkono na kusema, "Tutoke." Hiyo ndiyo kazi ya mzazi, kazi ambayo askari wa mlangoni hawezi kuifanya. (Alipio alibatizwa pamoja na Augustino huko Milano, Pasaka ya mwaka 387, akawa askofu katika Afrika. Wakatekumeni wasikate tamaa.)

Umati waweza kuua hata mwili. Tarehe 29 Oktoba 2022, katika uwanja wa Mashahidi huko Kinshasa, watu 11 walikufa katika msongamano siku ya kumsikia Fally Ipupa. Wako waliosema, "Ndiyo mshahara wa nyimbo za dunia." Lakini tarehe 27 Julai 2024, katika uwanja uleule, watu wasiopungua 7 walikufa waliokuja kusikia nyimbo za dini za Mike Kalambay. Mlango mwembamba haumwulizi mtu wimbo gani anaoimba. Basi anayefikiri kwamba mahali ni salama kwa sababu nyimbo ni takatifu, huyo ameacha ile fadhila iitwayo busara, na busara ni fadhila kuu pia, si woga.

Nanyi watu wa Beni hamhitaji kufundishwa juu ya njia. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wengi sana wameuawa katika eneo lenu, mashambani na barabarani. Upande wa kusini nako, tamasha lililoitwa Amani lilianza Goma mwezi wa Februari 2014, na aliyetaka kwenda toka Butembo alikuwa na safari ya kilomita zipatazo 300 kupitia Kanyabayonga. Mwezi wa Juni 2024 Kanyabayonga ukaangukia mikononi mwa M23, na Januari 2025 Goma wenyewe. Katika nchi kama hii mzazi asemaye, "Hatutakwenda," hatendi dhambi ya ukatili. Ila aseme sababu. Neno "hapana" lisilo na sababu humfanya kijana adhani kwamba baba achukia furaha yake, kumbe baba aichukia barabara ya usiku.

Liko jambo la fedha, ambalo wengi hulipita haraka. Nauli ya pikipiki au gari kwa watu wawili, tiketi mbili, chakula, mahali pa kulala: hayo ni magunia ya kahawa. Na nyumbani wamebaki wengine. Yuko mtoto wa nne ambaye ada yake ya shule haijalipwa, yuko dada mkubwa aliyebaki kuchunga mbuzi na kumpikia bibi, naye hakuombwa shauri. Haki yawataka hao kwanza. Baba akiona kwamba furaha ya mmoja italipwa na kilio cha mwingine, aseme wazi, "Si mwaka huu." Na kama fedha ipo, basi dada yule aulizwe naye apenda nini. Labda hapendi mwimbaji yeyote. Labda ataka kitambaa, au siku moja ya kupumzika.

Tena mwangalie desturi moja, hasa ninyi akina baba mnaopenda kuonekana. Wako watu wanaowapa waimbaji fedha nyingi ili majina yao yatajwe katika wimbo. Kinshasa huita kutupa libanga, yaani jiwe. Wako wanaopanda jukwaani na kumbandika mwimbaji noti katika paji la uso, wakitazama kando kama wanaonekana. Kumtuza fundi kwa kazi yake ni halali, maana mfanya kazi astahili ujira wake. Lakini sifa iliyonunuliwa hujulikana bei yake na kila mtu aliye pale, isipokuwa mnunuzi. Binti akimtazama baba akifanya hivyo, atafahamu upesi baba alimfuata nani, yeye au jina lake mwenyewe. Na kijana naye ajipime: kama amtaja mwimbaji asubuhi kabla ya kufanya ishara ya Msalaba, na kama neno la mwimbaji lampinda kuliko neno la dhamiri, hapo hashughulikii tena amri ya nne. Amefika kwa amri ya kwanza.

Yabaki jambo la Dominika, kwa kuwa waimbaji huimba Jumamosi usiku, na gari za kurudi Butembo huondoka mapema. Sheria ya Kanisa juu ya kusikia Misa ya Dominika huwafunga waliobatizwa. Mkatekumeni hafungwi nayo bado. Lakini mkatekumeni anayetumia uhuru huo kulala hata saa nne, akiwa Beni ambako kengele zasikika, afikiri mwenyewe kwa nini ataka kubatizwa. Aondoke kitandani, amwamshe mwanawe, nao waende wote wawili wakiwa na usingizi machoni. Kama ni mahali ambapo wakatekumeni hutoka baada ya mahubiri, yeye atatoka, na binti yake aliyekwisha kubatizwa atabaki ndani mpaka mwisho. Baba atamngoja nje, chini ya mti, kama binti alivyomngoja yeye jana mlangoni pa uwanja alipokwenda kununua tiketi.