Swichi Iliyokata Imesema Nini?

Mashine ya barafu ya hoteli imezima saa saba mchana. Swichi ya presha ya juu imekata. Fundi anairudisha, kompresa inanguruma, na baada ya dakika chache kimya kinarudi. Hapo hukumu hutoka upesi: swichi mbovu, au gesi imezidi.

Mwaka 1095 mwanazuoni Al-Ghazali alihoji hukumu za namna hii katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa. Pamba ikigusana na moto, alisema, tunachokiona ni kuungua kunakofuatana na kugusana. Kwamba kugusana ndiko kunakounguza, hilo jicho halilioni. Mwanafalsafa Ibn Rushd wa Cordoba alimjibu katika karne ya 12: anayekana sababu anaikana akili. Fundi anawahitaji wote wawili, lakini aanze na Ghazali.

Maana swichi inajua jambo moja tu, kwamba presha imevuka kiwango chake, ambacho kwenye mashine nyingi zinazotumia gesi ya R-404A ni karibu 450 psi. Haijui kama kondensa imezibwa na vumbi na mafuta ya jikoni, kama feni imekufa, wala kama chumvi ya bahari imekula mapezi ya alumini, jambo la kawaida Mombasa na Dar es Salaam.

Geji ya presha ndiyo huamua. Swichi ikikata geji ikiwa 300, swichi imesema uongo. Ikikata kwenye 450, imesema kweli na kosa liko kwingine. Basi mashine izimwe, iachwe mpaka mabomba yapoe kufikia joto la chumba. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, R-404A husimama karibu na 167 psi. Ikizidi hapo kwa kiasi kikubwa, kuna hewa ndani ya mfumo. Gesi iliyojazwa kupita kiasi haipandishi kipimo hicho maadamu mfumo una gesi kimiminika na mvuke kwa pamoja. Kwa hiyo watuhumiwa wawili waliofanana, hewa na gesi iliyozidi, wanatenganishwa kwa subira tu.

Wapo wanaoiruka swichi kwa kipande cha waya. Barafu inapatikana jioni ileile, mwenye hoteli anashukuru. Huo ni udanganyifu, hata kama fundi hakukusudia: ameuza ukimya kwa jina la tiba, na kompresa imebaki bila mlinzi.

Mwenye mashine, kabla hujalipia swichi mpya, muulize fundi geji ilisoma ngapi ile ya zamani ilipokata.